Damu Kumi, Ngazi Sabini na Mbili

Kwa miaka ishirini na tisa Filimbi alikimbia nyuma ya mpira bila ruhusa ya kuugusa. Alikuwa refa, tena refa mkali, wa wale wasiocheka na mtu uwanjani. Wachezaji walimpachika jina hilo kwa hasira, yeye akalipenda, mtaa mzima ukalidaka, na hata mkewe akikasirika humwita hivyo hivyo. Siku ya kustaafu alijigamba kwamba mbio alizokimbia zinatosha kuizunguka dunia na kurudi nyumbani kabla chai haijapoa. Sasa mtu huyo huyo alikuwa hawezi kupanda ngazi kwenda kitandani kwake.

Figo zilimwacha miaka miwili iliyopita, bila kwaheri. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda hospitali kusafishwa damu, saa nne nzima amefungwa kwenye mashine, na hilo alilizoea, maana binadamu huzoea hata kiatu kinachobana. Kilichomshinda ni uchovu. Si ule uchovu wa heshima wa mtu aliyefanya kazi. Huu ulikuwa uchovu wa aibu. Akichana nywele, anapumzika. Akifunga kamba za viatu, anapumzika kabla ya kiatu cha pili. Siku moja akitoka hospitali alipofika ghorofa ya pili miguu ikakataa katakata, akakaa chini kwenye ngazi, akawa hapandi wala hashuki. Majirani wakakusanyika kujadili wambebe wampeleke juu au chini. Juu ndiko kwake, ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Wakapiga kura. Chini ikashinda kwa kishindo.

Chini, mlango wa kwanza kushoto, alikuwa anakaa mama mkwe wake.

Daktari wake, dada mmoja mpole mwenye miwani mikubwa, alimweleza mambo kwa utaratibu. "Baba, figo kazi yake si kuchuja peke yake. Ndizo zinazotuma agizo mwili utengeneze damu. Zikifa, agizo halifiki. Damu yako sasa ni saba. Mwanamume mzima huwa na kumi na tatu kwenda juu. Ndiyo maana unahema."

"Kwa hiyo mwili wangu umegoma?"

"Haujagoma. Unasubiri barua." Akamwonyesha kichupa kidogo. "Sindano hii ndiyo barua yenyewe. Utachomwa kila wiki, na tutakuongezea madini ya chuma kwa njia ya mashine, maana barua bila vifaa haijengi kitu. Lakini taratibu. Damu ikifika kumi, na ukaweza kutembea mita mia tatu kwa dakika sita, nitakuruhusu upande ngazi urudi kwako. Kabla ya hapo, kaa chini."

Akakaa chini. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, wa nne.

Tuseme ukweli, mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya mambo yangekuwa rahisi, Filimbi angepata cha kulalamikia. Alikuwa bibi wa miaka sabini na sita, mwembamba, mwepesi, mwenye huruma isiyo na breki. Alimpa mkwewe kochi la sebuleni, kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja. Kila alfajiri alipopita kwenda jikoni, Filimbi alilazimika kufufuka kutoka chini ya shuka, kukaa wima na kusema, "Shikamoo mama," kwa sauti ya mtu aliyeamka zamani. Hakuweza kukaa na fulana. Hakuweza kupiga miayo ya kiume. Akitaka kujikuna alisubiri bibi aende dukani, na bibi huyo haendi dukani ila akumbuke sukari. Lililomuuma zaidi ni kumwona anavyopanda ngazi zote sabini na mbili kumpelekea binti yake mboga, na kurudi, na kusema, "Ah, nimesahau kitunguu," kisha akapanda tena huku anaimba.

Na mkewe? Mkewe alikuwa juu. Ndiye aliyekuwa analisha nyumba, kwa kushona sare za shule, na cherehani yake, meza yake ya kukatia na marobota ya vitambaa vilijaza sebule ya ghorofa ya nne mpaka dirishani. Havikuweza kuhamia chini. Kila jioni alishuka na chakula, akala nao, kisha mume na mke wakakaa kwenye kochi kama wachumba, mama amekaa mbele yao anafuma. Miaka thelathini na moja ya ndoa, watoto watatu waliokwishaoa na kuolewa, na Filimbi anaogopa kumshika mkewe mkono! Saa tatu kamili mke anaaga. Filimbi anasikiliza viatu vyake vikipanda, anavihesabu, na vikifika arobaini na kitu havisikiki tena. Hapo roho ilimuuma kweli kweli. Alikuwa mpweke, na alikuwa ameoa.

Kwa hiyo alipania. Kumi au kufa.

Hospitalini kiti cha jirani yake kilikuwa cha Kinyozi, mtu wa maneno, aliyenyoa vichwa miaka arobaini na kuamini kwamba elimu ya vichwa vyote hivyo imehamia kwake. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amewaletea pedali za kufunga mbele ya kiti, ili saa mbili za kwanza za mashine wazungushe miguu polepole. "Damu ikipanda na miguu imelala," alisema, "itapanda bure." Filimbi na Kinyozi waliambiwa polepole, na kwa siku mbili walikwenda polepole. Siku ya tatu walikuwa wanashindana, mmoja anahesabu mizunguko ya mwenzake kwa wivu, mpaka muuguzi akatishia kuwanyang'anya pedali zao kama watoto.

Miguu ikaanza kurudi, na damu ikaanza kupanda: saba, nane, nane nukta nane. Mwezi wa nne ikafika tisa nukta tatu. Filimbi aliipokea namba hiyo kama mtu aliyefungwa bao dakika ya mwisho.

"Unajua tatizo lako?" Kinyozi alimwuliza. "Unapimwa Jumatatu asubuhi."

"Sote tunapimwa Jumatatu asubuhi. Ya kwanza ya mwezi."

"Ndiyo hapo sasa. Tangu Ijumaa hujapita mashineni. Maji yote uliyokunywa Jumamosi na Jumapili bado unayo mwilini, hukojoi hata tone. Wanakutoa damu kabla ya kukufunga mashine. Ile ni damu, au ni mchuzi uliozidi maji?" Kinyozi akainama karibu. "Sasa mwenzangu, fikiria wakikutoa mwishoni. Mashine imeshanyonya lita tatu za maji. Damu inabaki nzito. Wewe ni yule yule, ila namba imepanda."

"Huo ni udanganyifu," alisema Filimbi. Refa aliamka ndani yake, akatoa macho. "Mimi nimewatoa watu uwanjani kwa mambo madogo kuliko hayo."

"Nani amedanganya? Damu ni yako. Mkono ni wako. Kilichobadilika ni saa."

Filimbi alikataa. Alikataa kwa moyo wote, kwa msimamo usioyumba, kwa muda wa dakika tano hivi.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano gari la hospitali lilimshusha mapema kama kawaida. Badala ya kwenda chumba cha mashine, aliingia chooni na gazeti, akajifungia nusu saa. Mtu wa miaka sitini na mbili, mwenye wajukuu, amekaa juu ya mfuniko wa choo anasoma matokeo ya mechi za juzi huku anatazama saa. Alipotokea, chumba kilikuwa moto. Mashine mbili zinalia kwa pamoja, mgonjwa mmoja amebanwa na misuli ya mguu anapiga kelele, na muuguzi anakimbia huku na huko.

"Baba, leo umechelewa!"

"Nisamehe, Sista. Nifunge tu, nisikupotezee muda. Vile vichupa vya vipimo si utavijaza mwishoni?"

Muuguzi alimtazama nusu sekunde, mashine ya tatu ikalia, akasema, "Haya, nikumbushe." Na Filimbi, aliyesahau mpaka siku ya kuzaliwa ya mkewe, hakusahau kumkumbusha.

Jumatano majibu yakatoka. Mama mkwe alifuatana naye, maana siku ya daktari hakuikosa, na alivaa viatu vyake vya kutokea. Kabla ya kuonana na daktari, Filimbi alifanya mtihani wa kutembea kwenye korido, mita thelathini kwenda na thelathini kurudi, mtaalamu wa mazoezi ameshika saa. Mwanzoni mwa miezi ile alitembea mita mia na themanini akashika ukuta. Safari hii alikwenda kwa mwendo mzuri, mikono inapiga, kifua mbele. Mama mkwe akaona vibaya kukaa peke yake, akainuka akatembea naye, mkoba begani, akimsimulia habari za jirani aliyehama. Kwenye mzunguko wa nne akampita. Aligeuka akamsubiri kwa adabu.

"Dakika sita zimeisha!" alisema mtaalamu. "Mita mia tatu na kumi na mbili."

"Na muda ulioongezwa?" Filimbi alihema. "Kuna kitanda kilipita katikati. Nilisimama sekunde nane."

"Baba, umefaulu."

"Sawa, lakini sheria ni sheria."

Hayo aliyasema kwa mdomo wake, mchana kweupe.

Akaingia kwa daktari anatabasamu mpaka masikioni. Daktari hakutabasamu. Alikuwa ameishika karatasi, anaitazama kama barua ya mtu asiyemjua.

"Damu yako ni kumi na mbili nukta moja."

"Kumi na mbili!" Filimbi alipiga paja. "Nilikuwa natafuta kumi tu, daktari. Hizo mbili nimekuletea zawadi."

"Mwezi uliopita ilikuwa tisa nukta tatu. Imeruka karibu tatu kwa mwezi mmoja. Baba, hii si habari njema. Kwa mgonjwa wa mashine, damu ikipanda haraka namna hii na kupita kiwango, inaweza kuganda. Presha inapanda. Mshipa wa mkono tunaoutumia unaweza kuziba. Kuna waliopata kiharusi." Akavua miwani. "Kuanzia leo nasimamisha sindano, mwezi mzima. Na ngazi, hapana. Mpaka nijue kilichotokea."

Filimbi alihisi kama kiti kimevutwa chini yake. Hakuwa mjinga. Hesabu ilijipiga yenyewe kichwani: bila sindano, barua haziendi, mwezi mmoja damu itarudi tisa, miwili itarudi nane. Atakuwa kwenye kochi mpaka wajukuu wamalize shule. Angeweza kunyamaza, aende nyumbani na siri yake, ajikaange kwa mafuta yake mwenyewe. Au angeweza kusema, mbele ya daktari na mbele ya mkwewe aliyevaa viatu vya kutokea.

Alitazama dari. Alimtazama mama mkwe, aliyekuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili na ameingiwa na hofu kweli, midomo inacheza kwa dua, kwa sababu alisikia neno kiharusi. Hilo ndilo lililomvunja. Filimbi akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi.

"Daktari, ile damu ilitolewa mwishoni."

"Mwishoni mwa nini?"

"Mwishoni mwa mashine. Muuguzi hana kosa. Nilijificha chooni."

Akaeleza yote, na kila alipoeleza, jambo lilionekana la kijinga zaidi kuliko lilivyokuwa chooni. Kinyozi hakumtaja. Alisema aliambiwa na mtu fulani mwenye uzoefu wa vichwa.

Daktari alikaa akimtazama. Kwanza alicheka, hakuweza kujizuia. Kisha akaacha kucheka. "Unaelewa ulichotaka kunifanyia? Ungenyamaza, ningekunyima dawa unayoihitaji kwa sababu ya namba isiyo yako. Ningekurudisha nyuma miezi mitano kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani nakuokoa."

"Naelewa, daktari. Nisamehe."

"Leo, kabla hujafungwa mashine, utatolewa damu nyingine. Na mimi nitasimama pale pale."

Alisimama pale pale. Muuguzi naye alisimama pale pale, mikono kiunoni, na jicho alilomkata nalo Filimbi halina haja ya kusimuliwa. Kinyozi kwenye kiti chake alikuwa amelala usingizi mzito wa ghafla.

Jioni, kwenye gari la hospitali lililowarudisha, mama mkwe alikuwa hasemi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Walipofika mlangoni akauliza, bila kumtazama, "Mwanangu, kumbe unaichukia nyumba yangu kiasi hicho?"

"Hapana, mama! Hapana kabisa."

"Nimekupa kochi. Nimekupikia bila chumvi. Hata mimi sasa nakula bila chumvi."

"Mama, umenitunza kuliko ninavyostahili." Kuna maneno mtu hamwambii mkwewe, lakini alikuwa amechoka na ujanja. "Nimemkumbuka mke wangu, basi."

"Si unamwona kila siku?"

"Namwona. Tunakaa pale kochini kama tumekuja kuposa. Nataka kumsikia akishona. Nataka anigombeze kwa sababu nimekanyaga vitambaa vyake. Nataka kulala nikijua yuko wapi."

Bibi aliutafuta ufunguo kwenye mkoba kwa muda mrefu kuliko ufunguo ulivyohitaji. "Ungesema hivyo tangu mwanzo," alisema mwishowe. "Mimi nilidhani umekumbuka televisheni yako."

Ijumaa daktari alikuja mwenyewe kitini na karatasi. Damu iliyotolewa kihalali, na maji yake yote ndani: kumi nukta tano.

"Kumi nukta tano," Filimbi alirudia.

"Imepanda vizuri, kwa mwendo unaotakiwa. Sindano inaendelea kama kawaida." Daktari akamkunjia karatasi akamwekea kifuani. "Maana yake, baba, hata Jumatatu ulikuwa umeshafaulu. Ungeingia kwa mlango kama wenzako, ukatoa damu, ukamaliza. Wewe umejifungia chooni kudanganya mtihani uliokuwa umeshaupasi."

Kinyozi alicheka mpaka mashine yake ikalia.

Ruhusa ikatolewa. Jumapili alasiri Filimbi alianza kupanda. Masharti yalikuwa ngazi tisa, pumzika, ngazi tisa, pumzika. Mama mkwe alitangulia na kiti cha plastiki, akakitua kila kituo, akasimama pembeni yake kama askari. Milango ikafunguka. Majirani wale wale waliompigia kura ya kushuka sasa walitoka kumshangilia, na mmoja akaleta chupa ya maji baridi, akafukuzwa na mama mkwe, kwa sababu maji ya mgonjwa wa figo yanapimwa. Ghorofa ya kwanza alipita akitabasamu. Ya pili alipita akihema. Ya tatu mapaja yalitetemeka, akakaa dakika tano nzima, lakini kifua kilikuwa wazi, pumzi inaingia na kutoka bila kumkaba, na alijisikia mtu. Kwa mara ya kwanza tangu figo zife alichoka uchovu wa heshima.

Mkewe alikuwa ameagizwa asishuke, akatii kwa shida. Alisimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, pini amezibana midomoni, na mumewe alipokanyaga ngazi ya mwisho alizitema zote kiganjani ili aweze kulia vizuri.

"Karibu kwako, Filimbi."

Filimbi aliingia, akakanyaga kitambaa cha sare kilichotandazwa sakafuni, akagombezwa, akafurahi. Akavua shati. Akakaa na fulana mbele ya dirisha lake mwenyewe. Mama mkwe aliketi kidogo, akanywa chai yenye sukari, akatazama huku na huku, kisha akaanza kuhesabu vidole.

"Leo si Jumapili?"

"Ndiyo, mama."

"Kesho si Jumatatu?"

Mke, aliyekuwa amerudi kwenye cherehani, akaacha kushona. Mume na mke wakatazamana. Miezi mitano Filimbi alikuwa ameota ngazi zile, amezihesabu kwa masikio, amezidanganyia damu, na katika ndoto zote hizo alikuwa anakwenda juu, mara moja, basi. Hakuna hata siku moja aliyofikiria kushuka. Daktari hakufikiria, mke hakufikiria, jengo zima lililopiga makofi halikufikiria. Kesho saa kumi na mbili asubuhi gari la hospitali lingesimama chini. Mchana lingemrudisha, ametoka mashineni, miguu kama uji. Na Jumatano. Na Ijumaa.

"Kochi lipo," alisema mama mkwe, kwa upole. "Siku za mashine ulale chini. Siku nyingine upande. Si aibu."

Filimbi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anachezea futi, amemkazia macho.

"Nitapanda," alisema.

"Kwa muda gani?" aliuliza mke.

"Kwa muda utakaochukua."

Jumatatu saa nane mchana gari lilimshusha. Alipanda ngazi tisa, akapumzika, tisa, akapumzika. Alipofika ya thelathini na sita, nusu kamili, hakuweza tena. Alikaa pale ghorofa ya pili, mahali pale pale alipowahi kushindwa, mgongo ukutani, na safari hii hakuita mtu.

Mkewe aliyasikia mahemo yake kutoka juu. Aliacha cherehani, akashuka ngazi thelathini na sita, akaketi kando yake, na bila kuangalia kama kuna anayewaona akamshika mkono. Filimbi akaubana. Hakukuwa na mama wala kochi. Hawakuwa na haraka ya kwenda juu. Mke alimsimulia kola iliyomsumbua tangu asubuhi, mume akamsimulia jinsi muuguzi anavyomsindikiza sasa mpaka mlangoni mwa choo na kusubiri nje.

Jirani mmoja alikuwa anashuka na ndoo ya takataka, akasimama mbele yao, akakohoa, akaomba njia. Walisogea kidogo tu.